Kilima Kinaonekana, Mnara Hauonekani

Vijana wangu mnaochora ramani kwa kompyuta, mimi ndiye yule mama mnayemwona akipita sokoni Kasongo na fimbo, anasimama kila penye mwinuko na kukodoa macho mbali kana kwamba amepoteza mbuzi. Sijapoteza mbuzi. Ni ugonjwa wa kazi. Mtu aliyefanya kazi yetu miaka mingi hawezi kupanda mahali bila kujiuliza kutoka pale anaona nini, na nini kimejificha asikione. Jina langu ni Mwavita, lakini kuanzia Nyangwe mpaka Kabambare wananiita Mama Karti, kwa sababu ya karti, yale makaratasi ya ramani niliyokuwa nikiyabeba kwapani. Wengine hawajui hata kama nina jina jingine.

Nimesikia mnasema kazi hii ni ya kubonyeza tu. Sikatai. Mnabonyeza vizuri kuliko mimi. Lakini kaeni kidogo, niwaambie yale ambayo kompyuta haitawaambia, maana mimi niliyajua kwa kuaibika, na aibu ni mwalimu asiyesahaulika.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unamsimamisha mtu juu ya kilima, kisha unatafuta sehemu zote ambazo jicho lake linafika bila kuzuiwa na kilima kingine. Zinazoonekana unazipaka kijani. Zisizoonekana zinabaki kijivu. Mtoto wa shule anaelewa. Sisi tulifanya hivyo ili kujua mahali pa kuweka rele za redio za vituo vya afya, yaani kile chombo kinachopokea sauti kutoka redio moja ya mkononi na kuisukuma mpaka nyingine. Foni kubwa za zamani, zile redio za waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili, hazikujali vilima. Sauti ilipanda angani na kurudi. Zenyewe zilijali betri tu, na kama fonisti, mtu wa kuziendesha, ameamka vizuri. Redio hizi ndogo sauti yake inakwenda moja kwa moja kama jicho. Kilima kikikaa katikati, imefia hapo. Kwa hiyo pale ambapo rele haioni, muuguzi hasikiki.

Aliyenifundisha ni Papa Sefu, mtu wa Nyangwe, mfupi, mwenye kikohozi na maneno mengi. Nilipoletwa kwake, wanaume wa ofisi walicheka: mwanamke na kikwembe chake atapanda milima namna gani? Papa Sefu hakubishana nao. Alinipa suruali yake ya pili, nikaikaza kiunoni kwa kamba ya katani, na tukaondoka asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa mfupi kuliko mimi, kwa hiyo suruali iliniishia chini kidogo ya magoti, na nyasi za njiani zilinichana mpaka nikalia. Alijifanya hakuona. Jioni yake alinipaka mafuta ya mawese kwenye michubuko, akaniambia kesho tunaanza mapema zaidi.

Wakati ule tulifanya kwa uzi. Unachukua ramani ya karatasi, unapiga mstari kati ya kilima na kijiji, unasoma miinuko yote iliyo juu ya mstari huo, kisha unaichora pembeni, ardhi ikipanda na kushuka mbele yako. Mwisho unanyoosha uzi kutoka ncha ya kilima mpaka kijijini. Uzi ukigusa ardhi popote, hawaonani. Kijiji kimoja kilikula nusu siku. Ukimaliza vijiji ishirini, hata ukitazama bakuli la bugali unaona mteremko.

Papa Sefu hakuamini uzi wake mwenyewe mpaka aende akahakikishe. Mwanzoni alikuwa anapandisha bendera nyeupe juu ya kilima, halafu tunashuka kijijini kuitafuta kwa macho. Hiyo aliiacha baada ya safari moja ya upande wa Kabambare. Tuliifunga bendera siku ya Ijumaa, Jumamosi haikuonekana, na tukaandika kwenye daftari kwamba kilima hakionekani. Jumapili tulipokwenda kusalimia watu kanisani, bendera yetu ilikuwa imekaa benchi ya tatu, imeshonwa shati, na vifungo juu. Papa Sefu alisema shati limekaa vizuri, na kweli lilikuwa limekaa vizuri. Tukafuta kwenye daftari.

Tangu hapo tukatumia kioo cha kunyolea. Na hili mlishike, maana hakuna betri itakayowaishia. Mmoja anapanda kilimani, anasimama pale pale mnara utakaposimama, si hatua kumi kando kwa sababu kuna kivuli. Mwingine anabaki kijijini. Kwenye saa nne asubuhi, jua likiwa na nguvu, yule wa juu ananyoosha mkono mbele, anatenganisha vidole viwili, anakiweka kijiji katikati yake, kisha anachezesha kioo mpaka mwanga ugonge vidole vyote viwili. Hapo mwanga unafika kijijini. Yule wa chini akiuona, anajibu kwa kioo chake. Mwanga ukienda na kurudi, andika kijani. Usipokwenda, usiandike kitu, rudi kesho ujaribu tena, kwa sababu inawezekana ni moshi wa watu wanaochoma mashamba.

Halafu kompyuta zikafika, na pamoja nazo faili ya miinuko. Ninyi mnaijua: nchi yote imekatwa viraka vya mita thelathini kwa thelathini, na kila kiraka kina namba moja, urefu wake juu ya usawa wa bahari, uliopimwa na chombo kilichopita angani. Unaiambia kompyuta mtu amesimama wapi, nayo inavuta ule uzi wa Papa Sefu kuelekea kila upande, mara elfu nyingi, kabla hujamaliza chai. Siku ya kwanza nilipoona Kasongo yote imegeuka kijani na kijivu mbele yangu, machozi yalinitoka. Siwafichi.

Nilichapisha karti ile nikaipeleka Nyangwe, ambako Papa Sefu alikuwa amestaafu na kufuga mabata. Niliitandika juu ya meza yake kwa majivuno. Aliitazama muda mrefu, akaona kwamba kutoka kilima kirefu kuliko vyote vya upande ule, kompyuta inasema huoni karibu kitu. Akaniuliza yule mtu niliyemweka juu ana urefu gani. Sikuwa nimeandika urefu wowote, kwa hiyo kompyuta ilimpa sifuri. Jicho lake lilikuwa limelala ardhini. Papa Sefu alikohoa, akacheka, akakohoa tena mpaka mke wake akaleta maji. Kwa miezi kadhaa, kila aliyetoka Nyangwe aliniletea salamu za kobe wangu, yule niliyemlaza kilimani. Basi, andikeni urefu wa jicho. Andikeni na urefu wa mnara.

Lakini hilo lilikuwa kosa la kuchekesha. Lililofuata halikuchekesha, na ndilo nililokusudia kuwaambia.

Tulipewa rele moja kwa ajili ya upande wa Wamaza, penye kituo cha afya, na vijiji vyake. Moja tu. Kulikuwa na vilima viwili vya kuchagua, Mafiga na Ngulube. Nilivijaribu vyote kwenye kompyuta, na Ngulube kilishinda: kiliona vijiji vyote nilivyoandikiwa, wakati Mafiga kilipoteza vitano. Kijiji cha mbali kuliko vyote kilikuwa Penemulundu, nyuma ya mgongo mmoja wa ardhi wenye nyasi tupu. Kwenye karti yangu kilikuwa kijani, kijani chembamba, lakini kijani.

Penemulundu palikuwa na mzalishaji, yaani mkunga, anayeitwa Mama Nyota. Mwanamke mnene, mpole wa sauti, mkali wa macho. Mama akishindwa kuzaa pale, ilibidi mtu akimbie kwa miguu mpaka Wamaza kutafuta pikipiki, na pikipiki ikifika tayari ni jioni, au basi wanambeba mgonjwa kwa tipoyi, wanaume wanne wakipokezana begani. Binti yake mwenyewe, Zawadi, alikuwa amebebwa hivyo mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyumbani mikono mitupu. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Nilipofika na karti yangu, Mama Nyota aliitazama kwa heshima, akaikunja vizuri, akanirudishia.

“Mama Karti, hii karti iko muzuri, lakini haiwezi kuita pikipiki,” alisema. “Zawadi atazaa wakati mvua inaanza. Uniambie neno moja tu: nitasikilika ao sitasikilika?”

Ilikuwa kiangazi, majani yamekauka. Nilitaka kumjibu kwa uhakika, kwa hiyo nikawauliza watu wa kijiji kama wanakiona kilima cha Ngulube. Wote wakanyoosha mkono upande mmoja. Nikatazama, na kweli, juu ya ule mgongo wa nyasi kichwa cha Ngulube kilikuwa kimejitokeza, cheusi, kizuri. Kompyuta imesema, watu wamesema, na macho yangu yamesema. Kioo kilikuwa mfukoni. Kukitumia ningepaswa kurudi Ngulube siku nzima, na hewa ilikuwa imeanza kujaa moshi wa mashamba. Nikaona ni kazi ya bure.

Nikamwambia Mama Nyota atasikilika.

Sasa niwaeleze Ngulube kulivyo. Juu kabisa kuna msitu mdogo wa miti mirefu sana, ambamo machifu wa zamani wa pale wamezikwa. Haukatwi. Mlinzi wake ni mtu mmoja anayeitwa Bwana Kitenge, wa ukoo wa machifu hao, mrina asali, rika langu, mwenye ulimi usiolala. Sheria ya msitu huo ni kwamba chuma hakiingii. Panga, jembe, msumari, hata mkanda wenye chuma unauacha nje. Tulipoomba mahali pa mnara, Bwana Kitenge na wazee wenzake walitukubalia uwanda mdogo kando ya msitu, karibu kabisa na kilele. Tulikula pamoja, tukashukuru, na mimi nilikaa chini ya miti ile kupumzika huku Amisi, fundi wetu wa redio, akisimamisha mnara wa mabomba wa mita kumi na mbili. Nilikaa kwenye kivuli cha kosa langu, na kivuli kilikuwa kizuri, nikasinzia.

Siku ya kujaribu, Amisi alibaki Ngulube, mimi nikazunguka vijijini na redio ya mkononi. Kila nilipoita aliitika. Nilipokuwa Wamaza aliitika, watu wakapiga makofi. Penemulundu nilifika wa mwisho. Niliita, kimya. Nilibadilisha betri, nikaita. Nilipanda kwenye kiti, nikaita. Nilipanda juu ya kichuguu nyuma ya maternite, ile nyumba ya kuzalia, na redio nimeinyoosha juu, na watoto walianza kucheka, kwa sababu mama mzima juu ya kichuguu ni kitu cha kuchekwa. Mama Nyota hakucheka. Alisimama mlangoni, ameshika mikono nyuma.

Ni pale juu ya kichuguu nilipokitazama tena kile kichwa cheusi cha Ngulube, na safari hii nilitafuta mnara. Haukuwapo. Niliona miti tu. Miti ya machifu, sehemu za juu, majani yake. Ardhi ya Ngulube yenyewe, pamoja na mnara wetu wote, ilikuwa imejificha nyuma ya mgongo wa nyasi.

Chombo kile kilichopita angani hakikugusa ardhi ya Ngulube; kilipima juu ya miti na kuandika namba yake, na kompyuta ikaamini kuwa ule ni udongo. Nami nilipowauliza watu, waliniambia ukweli wao, kilima wanakiona. Miti ilidanganya kompyuta na ikanidanganya mimi, na kila mmoja wetu akamthibitisha mwenzake. Papa Sefu alikuwa ameniambia zamani, tena zaidi ya mara moja: “Mwavita, usiulize kama mulima inaonekana. Uliza kama mutu mwenye kusimama pale juu anaonekana.” Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa kusikika. Kioo kingeniambia kwa asubuhi moja.

Nilishuka. Kulikuwa na njia nyingi za kujificha, na nawaambia zote zilinipitia kichwani: redio mbovu, betri, hewa ya kiangazi, Amisi hajui kazi. Nani angejua? Lakini Zawadi alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya mlango, anachambua mchele, tumbo lake limefika magotini. Nikamwambia Mama Nyota mbele ya binti yake kwamba nimekosea. Si redio, si Amisi, ni mimi niliyesema kijani bila kuhakikisha. Ningefurahi anitukane. Hakunitukana. Aliuliza ni siku ngapi zimebaki mpaka nitengeneze, akaanza kuhesabu kwa vidole wiki za Zawadi.

Tulikaa na Amisi kuwaza. Kuhamia Mafiga kungempa Mama Nyota sauti, na kuwanyang'anya wale wa vijiji vitano ambao walikuwa wameshapiga makofi. Mabomba ya kuongeza mnara hayakuwapo karibu, na hata yangekuwapo, mnara mrefu kupita miti ile usingesimama kwa nyaya tulizokuwa nazo. Kukata miti hatukutamka. Kilichobaki ni kimoja: rele ikae palepale chini, antena ipande juu ya mti wenyewe.

Nikarudi kwa Bwana Kitenge. Alinisikiliza akisafisha kisu chake cha asali, kisha akaniambia, bila haraka: “Kwanza mulisema kando. Sasa munasema ndani. Kesho mutasema juu ya kaburi.”

Alikuwa na haki. Nikamsimulia yote, kosa langu, kichuguu, na Zawadi na mikono yake mitupu mara mbili. Akasema hawezi kuwazuia machifu wasisikie sauti ya mwanamke anayeomba msaada. Hawajawahi kukataa hilo hata walipokuwa hai. Lakini chuma ni chuma.

Amisi akasema antena yetu si chuma, ni aluminiamu. Bwana Kitenge akamwambia inang'aa kama chuma, ni ngumu kama chuma, na aliyeileta ni fundi wa vyuma. Walibishana mpaka jua likahama. Mwishowe Amisi akavunja spika ya redio iliyokufa, akatoa ile sumaku ya nyuma, akampa. Basi Bwana Kitenge akawa hakimu. Aliiweka sumaku kwenye panga lake, ikanata. Kwenye kufuli la nyumba, ikanata. Kwenye sufuria ya mke wake, ikaanguka, akashangaa. Aliiweka kwenye antena juu, chini, katikati, ikaanguka kila mara. Kisha akaiweka kwenye zile bolti za kufungia, na ikanata kwa kishindo, naye akatutazama kama polisi aliyemkamata mwizi.

Bolti zikakataliwa. Tukafunga antena kwenye ufito wa mwanzi kwa mipira iliyokatwa kutoka ndani ya matairi ya baiskeli, kama watu wa pikipiki wanavyofunga mizigo. Tukapiga waya wa kuizuia radi, wa shaba, ukapimwa kwa sumaku na kupita. Na kwa kuwa aliyeruhusiwa kupanda mti wa machifu na kuufunga ufito huo juu ni mtu wa ukoo peke yake, alipanda Bwana Kitenge mwenyewe, kwa kamba zake za asali, mtu wa umri wangu, huku mke wake chini akimwita mwehu. Nilikuwa nimempa kile kioo cha kunyolea. Sikutaka kukosea mara mbili.

Mama Nyota alikuwa amesimama kwenye uwanja wa maternite na kioo chake cha ukutani mikononi, kama tulivyopatana. Asubuhi ya kwanza moshi ulifunika kila kitu. Ya pili vilevile. Ya tatu ulikuwa umepungua kidogo, na Bwana Kitenge akakaa kwenye tawi, akanyoosha vidole viwili nilivyomfundisha, akaanza kuchezesha. Mimi chini sikuona chochote isipokuwa miguu yake. Nilingoja. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ya mtu anayezungumza peke yake, kwamba Penemulundu wamewasha nyota mchana. Mwanga ulikuwa umerudi. Nilikaa chini kwenye majani, nikalia, na safari hii sikujali nani ananiona. Yeye alikataa kushuka. Aliendelea kuwamulikia mpaka saa sita, na kila mara walimjibu.

Mchana huo Amisi aliunganisha waya, na Penemulundu waliitika.

Mvua ilianza mapema mwaka ule. Nilikuwa bado Wamaza, ninaandika ripoti kwenye benchi ya kituo cha afya, na nilikuwa nimefika mahali pa kueleza kosa, nikitafuta maneno ambayo yasingenipendelea sana. Ilikuwa asubuhi. Redio ya muuguzi ilikuwa mezani kando yangu.

“Wamaza, Wamaza, huku Penemulundu,” Mama Nyota alisema, na sauti yake haikutetemeka. “Zawadi ameanza tangu alfajiri. Mutoto anatanguliza miguu. Mutume pikipiki sasa hivi, na mutu wa kumushika nyuma.”

Muuguzi hakuuliza swali. Pikipiki iliondoka na mama mmoja wa kituo amekaa nyuma, na matope yakiruka. Sikuwa na kazi yoyote pale, kwa hiyo niliteka maji, nikachemsha, nikateka tena. Walifika kabla ya adhuhuri, Zawadi amefungwa kwa kikwembe mgongoni kwa dereva na yule mama amemkumbatia kwa nyuma, Mama Nyota akifuata kwenye pikipiki ya pili iliyokodiwa njiani. Wakaingia ndani, mlango ukafungwa. Sijui ilikuwa muda gani. Niliusikia mlio wa mtoto, mwembamba, wenye hasira, halafu sauti za wanawake zikipiga vigelegele, na Zawadi mwenyewe akiuliza mara mbili, mara tatu, kama ni kweli analia.

Mama Nyota alitoka, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kwenye beseni langu, akakaa kando yangu kwenye benchi. Nilidhani atanishukuru, na nilikuwa nimeshaandaa jibu la unyenyekevu. Alivuta karti yangu iliyokuwa juu ya meza, akaitazama, akauliza kidogo kidogo wapi Penemulundu, wapi Wamaza. Kisha kidole chake kikahama nyuma zaidi ya Penemulundu.

“Na Mukunda?” aliuliza. “Kule iko Mama Furaha, muzalishaji mwenzangu. Sasa anatembea mpaka kwangu kufuata redio. Kwa karti yako, Mukunda iko rangi gani?”

Nikamwambia kijivu. Mukunda imekaa kwenye bonde, hakuna kilima chetu kinachoiona.

“Utakuja siku gani?”

Nikamwambia nitakuja kiangazi kijacho, kabla hawajaanza kuchoma mashamba. Nilisema kwa mdomo wangu, na niliamini. Kiangazi hicho goti langu la kushoto lilikataa kupanda, cha pili barua ya kustaafu ilikuja, na waliofuata ofisini hawakuwa na mtu wa kuwaambia Mukunda ni nini. Sikwenda. Papa Sefu amekwisha kufariki, na hata yeye, aliyenisamehe kobe, nadhani hili asingenisamehe.

Kutoka Penemulundu mpaka Mukunda ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, mto mmoja wa kuvuka, mwepesi kiangazi. Kuna mwinuko mmoja mashariki ya kijiji ambao sijawahi kuupanda. Kwenye kompyuta unaonekana unafaa, na mmeshasikia hilo neno “unaonekana” lilivyonidanganya, kwa hiyo upandeni na kioo. Mtoto wa Zawadi anaanza shule mwaka huu. Mama Furaha bado anatembea. Mkifika msimwambie mmetumwa na ofisi. Mwambieni mmetoka kwa Mama Karti, na kwamba najua nimechelewa.